Kasuku Alikohoa Kama Feza

Habari hii nimeipata kwa Asma mwenyewe, kiangazi kilichopita, tukiwa tunamenya karanga barazani kwangu hapa Kasongo. Aliniambia, "Nyanya, wewe unaandikaka mambo ya mapenzi. Andika na hili. Moyo ni wangu, kwa hiyo neno lake ni langu, nitampa ninayetaka." Basi ninaandika kama alivyosema. Mahali ambapo yeye hakuwepo, ninaandika kama walivyomwambia wenyewe, Rachida na Kamaldine, mambo yalipokuwa yametulia. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyemwambia, na mimi pia sikijui. Tutakifikia.

Yote yalitokea Kabambare. Kamaldine ni mtoto wa hapa Kasongo, wa familia ya wafanyabiashara, alikwenda kule kufungua duka la vitambaa na sabuni. Mke wake aliitwa Feza, dada mkubwa wa huyu Asma. Feza alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana alipofariki. Alifia katika kituo cha afya, asubuhi ya mvua, akiwa ameketi, maana kulala chali hakuweza tena. Aliyemshika mgongo mpaka mwisho ni Rachida, muganga wa kike, yaani muuguzi, wa pale kituoni.

Chumbani alikuwemo Kamaldine, na shangazi Rehema, shangazi wa Feza aliyewalea yeye na mdogo wake. Kamaldine alipiga magoti akamuuliza mke wake, mama, unaumwa nini, sema nijue. Feza alivuta pumzi mara nyingi kabla ya kupata moja ya kusemea.

"Neno langu liko kwa Rachida," alisema. "Libaki kwa Rachida."

Hakusema lingine. Wote waliokuwemo walisikia, na kabla hajaoshwa, nusu ya Kabambare ilikuwa imesikia.

Sasa mujue kwamba kabla ya Feza, Kamaldine alikuwa anamtaka huyo Rachida. Walipendana wakati Rachida anajifunza kazi huku Kasongo. Mama yake Kamaldine ndiye aliyekataa. Alisema hataki mukwe anayeshika damu za watu kutwa nzima, tena wa kabila la Wabangubangu, mutu wa shamba, na nyumbani kwa rafiki yake kuna binti muzuri aliyelelewa ndani. Kamaldine alilia, akatii. Alimuoa Feza, na kidogo kidogo akampenda kweli. Hilo Rachida mwenyewe analisema. Bahati mbaya duka likafunguliwa Kabambare, na Kabambare ni kwao Rachida.

Kwa hiyo midomo ilikuwa na kazi. Feza alikuwa akionekana Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, akipita nyuma ya kituo kwenda kwa Rachida, amejifunika mpaka pua. Juu ya nini mutu anakwenda kwa muganga kwa kujificha? Juu ya nini akanywa dawa kutoka mkono wa mwanamke aliyemtaka mume wake? Shangazi Rehema hakusema "sumu." Alisema tu kwamba anangoja arobaini ipite, halafu atauliza.

Asma alifika Kabambare kwa ajili ya arobaini, na kwa desturi hakurudi. Mke akifa kijana, na mume akawa hana kosa, familia ya mke huwa inamtoa mdogo wake ashike nyumba. Walikuwa wanangoja tu mume asafishwe na lile shaka. Asma aliingia katika chumba cha dada yake, akafungua sanduku la dada yake, akavaa vitambaa vya dada yake kwa sababu vyake vilikuwa vichache. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwenye baraza ya Kamaldine kulikuwa na kasuku, wale wa kijivu wenye mukia mwekundu. Feza ndiye alimfuga. Alimfundisha kusema, "Baba Kamaldine, umerudi?" na kasuku alilisema kwa sauti ya Feza mwenyewe, ile ya kuvuta mwisho wa neno. Lakini lingine hakufundishwa na mutu. Alikuwa anakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, halafu pumzi ndefu inayotafuta mahali pa kukaa. Kilikuwa kikohozi cha Feza cha asubuhi. Baada ya mazishi kasuku alikaa kimya kabisa. Asma alipofika, alianza tena.

Mwanzoni alikohoa yeye peke yake. Baadaye, Asma anasema, kasuku akikohoa kwenye baraza, naye ndani kifua kinamwasha, anakohoa vilevile. Kisha pumzi ndefu. Wanawake waliokuwa wanatwanga mpunga uani walisimamisha michi.

Halafu mlima wa kisima. Katikati ya ule mlima kuna kisiki cha mti wa mninga, na Feza katika miezi yake ya mwisho alikuwa akiweka ndoo pale, anashika kisiki, mkono mwingine anauweka chini ya shingo. Hakuna aliyemwambia Asma habari hiyo. Siku ya kwanza kwenda kisimani alifika pale pale, akaweka ndoo, akashika kisiki kwa mkono wa kushoto, akauweka wa kuume chini ya shingo. Waliokuwa nyuma yake waliacha njia wakapita majanini.

Na usingizi. Shangazi Rehema aliyelala naye chumba kimoja alimkuta ameegemea ukuta, mito mgongoni, macho amefumba, amelala ameketi kama Feza. Alimuuliza asubuhi kwa nini. Asma akajibu kwamba akilala chini anahisi mutu amemkalia kifuani.

"Mutu gani?" shangazi aliuliza.

Asma aliniambia mimi, huku karanga zimesimama mkononi mwake, kwamba alijua ni nani. Alidhani ni dada yake. Na hakuogopa. Feza alikuwa akimbeba mgongoni utotoni. Sasa ni zamu yake kumbeba Feza.

Basi shangazi Rehema akageuza neno lake. Alisema Feza hakuondoka, amerudi katika mwili wa mdogo wake kumaliza ndoa yake, na marehemu aliyeuawa na mume wake harudi kwa mume huyo. Kwa hiyo Kamaldine hana kosa. Ila ampokee. Akimkataa Asma, ni Feza amemkataa, na hapo watajua alimuondoa kwa ajili ya nani. Siku ya ndoa ikatajwa. Watu walikubali, wengine kwa furaha, wengine kwa kutetemeka. Ukimuona Asma jioni amekaa na kitambaa cha Feza cha maua ya njano, midomo imekuwa ya bluu kidogo kama mutu aliyekula zambarau, kasuku anaita "Baba Kamaldine, umerudi?" na yeye anatabasamu, hata wewe ungekubali.

Rachida alimuona mara ya kwanza pale mlimani. Alikuwa anatoka kumtembelea mama aliyejifungua, akakutana naye kwenye kisiki. Akasimama. Alikuwa kwenye kile chumba, yeye ndiye aliyefumba yale macho. Halafu akaangalia vizuri, kama kazi yake inavyotaka. Akaona midomo. Akaona mshipa wa shingo unavyopiga. Akaona vifundo vya miguu vimejaa juu ya kandambili. Watu wote walikuwa wameona marehemu. Rachida aliona mgonjwa.

Alitaka kumshika mkono. Asma akamwambia kwa heshima, kama anavyoitwa dada mkubwa, "Yaya, shangazi amenikataza kusema na wewe," akabeba ndoo yake, akaenda, akipumzika kila baada ya hatua kidogo.

Tangu siku ile Rachida hakulala vizuri. Aliwaza: nikisema Asma anaumwa nini, nimesema Feza alikufa na nini. Ni wimbo mmoja katika vifua viwili. Na nisiposema, wataoana, atashika mimba, na mimi nitamshika mgongo kama nilivyomshika dada yake. Mchana akiwa kazini, akiweka steto, kile chombo cha masikioni cha kusikilizia kifua, kwenye kifua cha mtoto wa homa, alikuwa anasikia kifua cha Feza.

Kamaldine alimfuata Ijumaa, baada ya swala, bado amevaa kanzu. Alimkuta nyuma ya kituo anaanika glavu kwenye kamba. Walikuwa hawajasema wawili peke yao tangu siku alipooa. Alisimama mbali, upande wa pili wa kamba.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe."

"Mimi niko na sababu." Akasema kwamba hakuja kwa ajili ya mambo ya zamani, amekuja kuomba neno moja. Wamempa Asma. Hamtaki Asma, ni mutoto kwake, alimnunulia pipi siku ya harusi ya dada yake. Lakini akikataa bila sababu, watasema alimuua mke wake kwa ajili ya Rachida, na Rachida mwenyewe watamtoa Kabambare kwa mawe. "Neno moja, Rachida. Feza alikufa na nini? Nikisimama mbele ya shangazi na hilo neno, yote inaisha."

Rachida aliendelea kuanika.

"Siwezi," alisema.

"Hata mimi? Mume wake?"

"Hata wewe. Ulisikia alivyosema. Ulikuwa umemshika mguu."

"Amekufa, Rachida."

"Aliyekufa hawezi kuniruhusu. Nitamuuliza wapi?"

Upepo ulichezesha glavu kwenye kamba kama vidole vya watu wengi. Kamaldine alizisogeza apate kumuona usoni. Macho yao yakakutana, na Asma anasema wote wawili walimwambia jambo lile lile, kila mmoja kwa wakati wake: kwamba pale pale, katika ile hasira, walijua hakuna kilichopungua tangu Kasongo.

"Nimezika mutu ambaye sijui nimezika nini," alisema Kamaldine. "Niko namwota kila siku anafungua mdomo, na sauti inatoka kwa kasuku. Nikikupeleka kwa jaji, utasema?"

"Jaji akiniita kuwa shahidi, sheria inaniruhusu. Hapo nitasema, na nitaangalia chini. Lakini shangazi Rehema siye jaji, na baraza yako siyo mahakama."

"Kwa hiyo sheria ni tamu kwako kuliko mimi."

Rachida aliweka beseni chini.

"Siku utakuwa mgonjwa," alisema polepole, "wa ugonjwa unaotia haya, utataka nani akushike mgongo? Yule aliyefungua mdomo kwa sababu alimpenda mutu? Kama leo nitamtoa Feza kwa ajili yako, kesho nitakutoa wewe kwa ajili ya mwingine."

Kamaldine aliziachia zile glavu. Aligeuka kuondoka. Hapo Rachida, ambaye alikuwa amejikaza muda wote huo, akateleza.

"Usimuoe Asma."

Alisimama. "Juu ya nini?"

Rachida akaokota beseni lake. Kamaldine akacheka, kicheko kibaya, akamwambia kwamba hilo hata muuza mihogo wa sokoni angelijua ni nini, linaitwa wivu. Mutu anayeficha kifo halafu anazuia ndoa, atamwita nani? Alisema atamuoa Asma siku iliyotajwa, na kwamba asimfuate tena. Na yeye ndiye aliyekuwa amefuata. Akaondoka, kanzu yake imepata tone la maji ya glavu.

Rachida alikwenda kwa mkuu wa kituo, baba Dominique, mzee wa Kikristo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamuuliza kama vile anauliza habari ya mutu mwingine. Je, siri ya maiti inaisha lini? Baba Dominique alimwambia haiishi. Je, kama kwa hiyo siri mzima atakufa? Mzee alivua miwani, akasema mambo ni magumu hapo, wakubwa wenyewe hawaimbi sauti moja. Wengine wanasema uhai unapita siri, wengine wanasema ukivunja moja hakuna mgonjwa atakayekuja tena, watafia majumbani. Yeye hakujua. Alijua jambo dogo tu.

"Mwenye mwili hana siri na mwili wake," alisema. "Ukimwambia mutu habari ya kifua chake, haujamuibia yeyote."

"Hata kama ataelewa ya mwingine?"

"Atakachoelewa ni chake. Wewe angalia mdomo wako tu."

Siku ya kuamkia ndoa, jua likiwa bado juu, Rachida alivaa bluzi nyeupe ya kazi, akatia steto mfukoni, akaenda mpaka nyumba ya Kamaldine. Uani wanawake walikuwa wanapeta mchele na kuchambua sombe, majani ya muhogo. Alipoingia, nyungo zikasimama. Shangazi Rehema aliinuka kwenye mkeka, ana ubani mkononi.

"Umekuja kumuosha na huyu?" aliuliza.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kumsikiliza Asma kifua. Sikuja kwa ajili ya Feza."

"Msikilize hapa. Mbele yetu. Hatutaki tena mambo ya nyuma ya nyumba."

Rachida alisema mwili wa mutu hausikilizwi barazani, lakini mwenyewe ni mkubwa, achague. Wote wakamgeukia Asma. Alikuwa ameketi mlangoni, mikono na miguu imepakwa hina, kitambaa cha maua ya njano kifuani. Kwenye baraza kasuku alikohoa, kikohozi kifupi, kikavu, na pumzi ndefu. Asma akaweka mkono mdomoni, naye akakohoa. Mwanamke mmoja alianza kusoma dua.

"Ninamtaka Rachida peke yake," Asma alisema. "Shangazi, utanisamehe."

Ndani kulikuwa giza la mchana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya ubani. Asma aliniambia kwamba alipovua kitambaa alihisi kama si yeye anayevua. Rachida aliweka chombo juu ya kifua, upande wa kushoto, akainamisha kichwa. Akasikiliza muda mrefu. Asma aliona chozi moja likishuka mpaka kidevuni, na Rachida hakulifuta, alikuwa anasikiliza.

Kisha alifanya kitu ambacho Asma hakukitegemea. Alitoa ile mipira masikioni mwake, akaitia masikioni mwa Asma.

"Sikiliza mwenyewe."

Asma akasikia. Anasema ilikuwa kama ngoma ya mbali, na kati ya ngoma na ngoma, mutu anapuliza. Fuuu. Kama mutu aliye nyuma ya mlango anayepuliza makaa ili yasizime.

"Ni yeye," alinong'ona. "Yaya Feza yuko ndani. Niko namsikia anapumua."

"Hapana, Asma. Hakuna mutu. Ni moyo wako. Iko na vilango ndani, vya kufungua na kufunga damu inapopita. Kimoja chako kimeharibika, hakifungi vizuri. Damu inarudi, ndiyo inapuliza hivyo. Maji yanapanda kifuani, ndiyo maana ukilala unakaliwa. Ndiyo maana mlima unakushinda."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto, nadhani. Uliumwaka koo sana? Magoti yakavimba?"

Asma alianza kukumbuka, na kadiri alivyokumbuka, sauti yake ilishuka. Alisema ndiyo, hapa Kasongo, masika moja, koo kama limelowekwa pilipili, halafu magoti, hata kutembea hapana, shangazi aliwakanda kwa mawese moto. Aliwakanda wote wawili. Walilala kitanda kimoja, yeye na...

Hakumaliza. Alimuangalia Rachida. Rachida alikuwa ameokota kile kitambaa cha maua ya njano kitandani, anakikunja. Alikikunja, akakifungua, akakikunja tena.

"Yaya alikuwa na moyo huu," Asma alisema.

Rachida akalainisha pindo la kitambaa.

"Mimi niko nasema juu yako," alisema. "Wewe. Iko dawa ya kutoa maji. Iko sindano utachoma kila mwezi, miaka mingi. Utaishi. Lakini kwanza twende Kasongo kwa daktari, kesho yenyewe kama unaweza."

"Na nikiolewa? Nikishika mimba?"

"Kabla ya kutibiwa, hapana. Moyo huu hauwezi kubeba watu wawili leo."

Kasuku huko nje alisema, "Baba Kamaldine, umerudi?" na sauti ile ikaingia chumbani kama mwenyewe. Asma akalia. Rachida alimshika mgongo akidhani analia kwa hofu ya kufa. Lakini Asma aliniambia haikuwa hiyo.

"Nilikuwa nimezoea kwamba yupo," alisema. "Nilikuwa namwachia nafasi kitandani. Sasa Rachida ananiambia ni maji."

Alipotoka nje, alitoka na miguu yake. Alimkuta Kamaldine amefika, amesimama karibu na tundu la kasuku, wanawake wote wamekaa. Asma alishika nguzo, mkono mwingine chini ya shingo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetazama pembeni.

"Mimi ni mgonjwa," alisema. "Wa moyo. Ni mimi ninawaambia, hakuna mutu mwingine amewaambia. Kile munachoona siyo yaya Feza amerudi. Ni ugonjwa. Shemeji, mimi sitaolewa na wewe, nikishika mimba nitakufa."

Akapumzika. Hakuna aliyemharakisha.

"Na juu ya yaya, muniangalie mimi, halafu musimuulize mutu tena."

Shangazi Rehema aliweka ule ubani chini. Aliangalia magoti ya Asma, yale aliyoyakanda kwa mawese, akaangalia mikono yake mwenyewe. Kisha akasogea akamshika mtoto wake kiunoni, akamketisha. Kwa Rachida alileta kiti, akakifuta kwa upindo wa nguo yake kabla hajamwekea.

Kamaldine alimtazama Rachida juu ya vichwa vya wale wanawake wote. Asma anasema uso wake ulikuwa kama wa mutu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote, kumbe ulikuwa unafunguka upande mwingine.

Walikwenda Kasongo na pikipiki mbili. Asma alikaa kati ya motari, yule mwendeshaji, na Rachida, amefungwa kwa Rachida na kitenge kama mtoto, asianguke. Kamaldine alimbeba shangazi. Kwenye madaraja ya magogo walishuka, wakatembea, Asma akabebwa. Njia nzima Rachida alimsikia yule anayepuliza makaa, mgongoni kwa Asma, sasa bila chombo.

Hospitali walimpokea. Daktari alisikiliza, akaangalia katika mashine, akasema maneno yale yale ya Rachida kwa Kifaransa. Walimchoma sindano ya kutoa maji, na kufikia mchana wa siku ya pili vifundo vya miguu yake vilikuwa vimeonekana tena. Mito ikapunguzwa, mmoja, kisha mwingine. Mvua ilianza kunyesha. Shangazi Rehema alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, kilemba kimemfunika macho.

Nje ya dirisha, kwenye veranda, kulikuwa na ubao wa kukalia. Kamaldine na Rachida walikaa pale, mfuko wa kazi wa Rachida kati yao. Asma alikuwa amefumba macho lakini hakuwa amelala, na dirisha halikuwa na kioo. Kwa hiyo haya ameyasikia mwenyewe.

Kwanza Kamaldine aliomba msamaha kwa lile neno la wivu. Rachida akasema ulikuwepo na wivu pia, kidogo, asimnyang'anye wote. Kamaldine alicheka, na mara hii kilikuwa kicheko kizuri.

"Sasa ninajua alikufa na nini," alisema. "Na siyo wewe uliniambia. Lakini iko kitu kimoja bado sijui." Sauti yake ikaingia ndani. "Kila mwezi nilikuwa namuuliza kama ameshika mimba. Kila mwezi, Rachida. Yeye alijua? Alijua kwamba ikishika itamuua, akaninyamazia?"

Rachida hakujibu. Mvua ilipiga bati. Hicho ndicho kitu nilichowaambia, ambacho Asma hakijui, na mimi sikijui, na Kamaldine hakijui mpaka leo.

Asma alifungua jicho. Aliona Rachida ameangalia mikono yake, mdomo umefungwa. Aliona Kamaldine anamtazama, anamtazama, na kitu usoni mwake kinalegea kidogo kidogo, kama kamba iliyoachiwa.

"Sawa," alisema. "Usinijibu. Hata tukizeeka katika nyumba moja, usiku nikaumwa na hilo swali nikakuamsha, usinijibu."

"Nyumba ipi?" aliuliza Rachida.

"Yoyote ambayo utaipenda. Asubuhi nilipita kwa mama. Nimemwambia. Amelia, halafu ameuliza kama unakulaka pilipili."

Rachida alitoa ule mfuko kati yao, akauweka chini upande wa pili. Hakusogea karibu, watu walikuwa wanapita. Lakini nafasi ilikuwa wazi. Kamaldine aliegemea nguzo, na kwa kuwa alikuwa hajalala vizuri tangu mazishi, usingizi ulimchukua pale pale, mdomo wazi, kanzu imeloa chini.

Ndipo, mwisho wa ile wodi, mahali penye vitanda vitupu, mutu alikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Kisha pumzi ndefu inayotafuta mahali pa kukaa.

Asma alisikia. Kasuku alikuwa amebaki Kabambare. Vitanda vile havikuwa na mutu. Alivihesabu kwa macho, shuka zimetandikwa. Aligeuza kichwa polepole kuelekea dirishani. Rachida pia alikuwa amegeuka, anaangalia kule kule, na hakuonekana kuogopa.

"Neno lako bado liko kwangu," Rachida alisema kwa sauti ndogo, kama mutu anayemtuliza mgonjwa. "Lala."

Hakukuwa na kikohozi tena. Rachida akaegemeza kichwa ukutani, mikono yake ikafunguka mapajani. Asma alingoja mpaka pumzi ya Rachida ikawa ya usingizi. Kisha akatoa mto wa mwisho mgongoni, akajinyoosha chali, kitu ambacho hakukiweza tangu afike Kabambare, akabaki upande mmoja wa kitanda kwa mazoea, nafasi ya mutu mmoja iko wazi pembeni yake, naye akalala.